Mikono Mbele ya Kamera: Viziwi wa Stockholm kutoka Jukwaani hadi Kwenye Runinga

Skärholmen ni kitongoji cha kusini-magharibi mwa jiji la Stockholm, kilichojengwa katika miaka ya 1960 wakati serikali ya Sweden ilipoazimia kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Treni ya chini ya ardhi ilifika hapo mwaka 1967. Kituo cha biashara, pamoja na uwanja wake wa soko na jumba kubwa la kuegesha magari, kilizinduliwa tarehe 8 Septemba 1968, na siku mbili baadaye gazeti la Dagens Nyheter likachapisha makala iliyodai kwamba Skärholmen ibomolewe, kwa hoja kwamba mazingira yale ya zege hayamfai binadamu. Haikubomolewa. Njia ya treni iliongezwa hadi Norsborg mwaka 1975, vitongoji vingine vikaota kandokando yake, na watu wa asili nyingi, wakiwamo wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, wakahamia humo na kuufanya ukanda huo kuwa mojawapo ya sehemu zenye lugha nyingi zaidi nchini Sweden. Abiria anayepanda treni hiyo Skärholmen na kuelekea Norsborg hufika Hallunda katika kituo cha sita, na hapo ndipo yalipo makao ya Riksteatern, taasisi ya taifa ya sanaa za jukwaani iliyoanzishwa mwaka 1933 ili kuzungusha michezo ya kuigiza katika nchi nzima. Ndani ya taasisi hiyo ndimo kilimokulia kikundi cha waigizaji viziwi kilichoitwa Tyst Teater, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Jukwaa la Kimya.

Masimulizi ya nafasi ya viziwi katika filamu na runinga huwa aghalabu ni orodha ya filamu za Marekani na tuzo zilizotolewa. Mkondo wa mambo huko Stockholm unaonyesha kwamba orodha hiyo haitoshi kueleza chochote, kwa sababu kiziwi anayeonekana kwenye skrini akiwa mtu kamili, mwenye lugha yake na hoja zake, ni matokeo ya kazi ndefu iliyofanywa mbali na kamera: kazi ya shule, ya chama, ya jukwaa na hatimaye ya sheria. Mahali ambapo kazi hiyo haikufanyika, kiziwi huigizwa na mtu anayesikia, kwa ajili ya watazamaji wanaosikia, katika hadithi iliyobuniwa na wanaosikia, na yeye mwenyewe hubaki nje ya mlango wa ukumbi.

Istilahi zenyewe zina historia. Lugha ya alama, ambayo nchini Kenya wengi huiita lugha ya ishara, ni lugha asilia inayotumia mikono, uso, macho na kiwiliwili badala ya sauti, nayo ina msamiati na sarufi yake isiyotokana na lugha inayozungumzwa na majirani zake. Kwa hiyo lugha ya alama ya Sweden si Kiswidi kilichohamishiwa mikononi, kama vile Lugha ya Alama ya Tanzania isivyokuwa Kiswahili cha vidole. Waswidi walimwita kiziwi kwa muda mrefu dövstum, neno linalounganisha uziwi na ububu, kabla ya kubaki na döv peke yake, yaani kiziwi. Wazungumzaji wa Kiswahili nao wamekuwa wakimwita kiziwi "bubu", na viziwi wamelikataa neno hilo kwa sababu iliyo wazi: asiyetumia sauti si mtu asiye na lugha. Uwakilishi halisi, kwa maana inayotumika hapa, ni hali ambayo nafasi ya kiziwi inachezwa na kiziwi, lugha yake inatumiwa kwa ukamilifu wake, na viziwi wanashiriki katika kutunga na kuongoza, si kupita tu mbele ya kamera.

Ajabu moja ya historia ya Sweden ni kwamba elimu ya viziwi nchini humo ilizaliwa kutokana na mchezo wa kuigiza. Mnamo Desemba 1799 mwandishi Mfaransa Jean-Nicolas Bouilly alionyesha jijini Paris mchezo uliomhusu padri Charles-Michel de l'Épée, mwanzilishi wa shule ya viziwi ya Paris, anayemwokota kijana kiziwi aliyetelekezwa na kumrudishia haki zake za urithi. Mchezo huo ulisambaa Ulaya, na ulipofika Sweden ulitazamwa na karani wa serikali aliyeitwa Pär Aron Borg, ambaye aliguswa nao kiasi cha kuanza kuwafundisha viziwi na wasioona, hata mwaka 1809 shule yake ikawa imeanzishwa rasmi. Kijana kiziwi wa mchezo ule alichezwa na mtu anayesikia. Hakukuwa na aliyefikiri kwamba ingewezekana vinginevyo. Hata hivyo igizo hilo, pamoja na upungufu wake, lilimtoa mtu mmoja kwenye kiti cha mtazamaji na kumpeleka kwenye ubao wa darasa, jambo linaloonyesha kwamba taswira ya kiziwi mbele ya hadhira haijawahi kuwa suala la burudani peke yake.

Shule ya Borg ilihamia Manilla, katika kisiwa cha Djurgården, mwaka 1812, na jengo kubwa lililokamilika mwaka 1864 lingali linasimama huko. Borg alitumia alama na akabuni alfabeti ya mkono mmoja, yaani utaratibu wa kuzionyesha herufi kwa maumbo ya vidole, kisha akaenda Ureno mwaka 1823 kuanzisha shule Lisbon, na ndiyo maana alfabeti ya vidole ya viziwi wa Ureno imetokana na ile ya Stockholm. Kutoka Manilla pia alitoka Carl Oscar Malm, kijana kiziwi wa Kifini aliyesoma hapo, akarudi kwao na kufungua shule ya kwanza ya viziwi ya Finland katika mji wa Porvoo mwaka 1846. Malm anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa, maana yeye hakuokotwa na mtu kama yule kijana wa mchezo wa Bouilly, bali alikuwa kiziwi aliyeibeba lugha mikononi mwake na kuivusha bahari kwa ajili ya viziwi wenzake.

Hatua iliyofuata ilikuwa chama. Mwaka 1868, kwa jitihada za viziwi wenyewe, akiwamo mchoraji wa picha za bahari Albert Berg, kilianzishwa chama cha viziwi cha Stockholm, na kilipotimiza miaka 100 ndipo Skärholmen ilipokuwa ikizindua soko lake. Umuhimu wa chama hicho ulidhihirika baada ya mkutano wa walimu uliofanyika Milan mwaka 1880, ambao uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa matamshi na kusoma midomo, na kwamba alama ziondolewe darasani. Uamuzi huo, uliopitishwa na walimu ambao karibu wote walikuwa wanasikia, uliathiri shule za dunia nzima. Sheria ya Sweden ya mwaka 1889 iliwapa viziwi haki na wajibu wa kusoma, nalo ni jambo jema, lakini iliwagawa watoto kwa makundi kulingana na uwezo wao wa kutamka, na kwa vizazi kadhaa mtoto alifunzwa kuionea aibu lugha aliyoizungumza na wenzake bwenini. Lugha ilinusurika katika mabweni hayo na katika kumbi za chama, ambako viziwi walikutana jioni, wakasimuliana hadithi, wakaigiza vichekesho na kuhutubiana bila kuogopa fimbo ya mwalimu. Sanaa ya jukwaani ya viziwi wa Stockholm ilianzia kwenye kumbi hizo.

Sinema ilipoingia, viziwi waliingia nayo sawasawa na watu wengine. Filamu za kwanza hazikuwa na sauti. Maneno yaliandikwa kwenye kadi zilizoonyeshwa kati ya picha na picha, na waigizaji walitumia uso na mwili kuliko walivyowahi kufanya baadaye. Kwa Sweden hiki kilikuwa kipindi cha fahari, wakati Victor Sjöström na Mauritz Stiller walipokuwa wakitengeneza filamu zilizotazamwa duniani kote na studio kubwa ya Råsunda, kaskazini mwa Stockholm, ikianza kazi karibu na mwaka 1920. Huko Marekani, Charlie Chaplin alimpa nafasi katika filamu zake mchoraji kiziwi Granville Redmond, na chama cha taifa cha viziwi wa nchi hiyo, kwa kuhofia kwamba alama zingepotea chini ya utawala wa mafundisho ya matamshi, kiliwapiga picha za filamu wazungumzaji wake bora. Hotuba ya George Veditz ya mwaka 1913 kuhusu kuhifadhi lugha ya alama ingali inatazamwa leo, nayo ni miongoni mwa mara za kwanza ambapo kiziwi alizungumza na kamera kwa lugha yake mwenyewe. Kamera, kwa namna hiyo, ilikuwa kwa lugha ya alama kile ambacho kalamu na karatasi vilikuwa kwa lugha nyingine: chombo cha kwanza cha kuihifadhi bila kuigeuza kuwa kitu kingine.

Kisha sauti ikaingia. Filamu za kwanza za Kiswidi zenye sauti zilionyeshwa mwaka 1929, kadi za maandishi zikatoweka, na kwa muda wa miaka michache viziwi wakafungiwa nje ya burudani ambayo walikuwa wameifurahia kwa miongo mitatu. Hapa Sweden inatoa funzo lisilotarajiwa. Kwa kuwa soko lake ni dogo, nchi hiyo haikuwa na desturi ya kuingiza sauti za Kiswidi katika filamu za kigeni, bali iliandika tafsiri chini ya picha; matokeo yake ni kwamba kiziwi wa Stockholm aliweza kufuatilia filamu ya Marekani, ya Ufaransa au ya Italia, lakini akashindwa kufuatilia filamu ya nchi yake mwenyewe, ambayo haikuandikwa neno kwa sababu ilidhaniwa kwamba kila raia anaisikia. Mtu aligeuzwa mgeni katika sinema ya nyumbani. Viziwi waliudai uandishi huo kwa miongo mingi, na ni katika kizazi hiki tu ambapo ruzuku za Taasisi ya Filamu ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1963, zimefungamanishwa na sharti la kuandika mazungumzo ya filamu za Kiswidi kwa Kiswidi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona tofauti mara moja. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, filamu za kigeni zilifasiriwa kwa sauti juu ya sauti: Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo, mafundi wa kusimulia ambao waliwafungulia mamilioni ya watu filamu za Hong Kong, India na Marekani. Sanaa hiyo ni mali ya thamani ya utamaduni wa watu wa kawaida, na hakuna sababu ya kuidharau. Lakini kwa kiziwi aliyeketi katika kibanda kilekile ilikuwa ukuta juu ya ukuta, kwa sababu hata pale palipokuwa na maandishi yalikuwa ya lugha ambayo aghalabu hakufundishwa kuisoma.

Runinga ya Sweden ilianza matangazo rasmi mwaka 1956, ikawa na idhaa ya pili mwaka 1969, na kwa muda mrefu ilikuwa kwa viziwi sanduku la watu wanaofungua na kufunga midomo. Mabadiliko ya kwanza makubwa hayakuletwa na mwigizaji bali na fundi mitambo. Mwaka 1979 shirika la umma la runinga lilianzisha huduma ya kurasa za maandishi, ambazo mtazamaji aliziita kwa kubonyeza namba kwenye kidhibiti, na viziwi walikuwa miongoni mwa waliokusudiwa tangu mwanzo. Ukurasa wa 199 ndio uliokuja kubeba maandishi ya vipindi vya Kiswidi: mtazamaji alibonyeza tarakimu tatu, na maneno ya waigizaji yakajitokeza chini ya picha. Ni vigumu kumweleza anayesikia uzito wa tarakimu hizo tatu. Hata hivyo ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara, yaani kupatikana kwa kipindi na kuwamo ndani ya kipindi. Maandishi yanamwezesha kiziwi kuwatazama wengine, ila hayamfanyi atazamwe, wala hayampi nafasi ya kusimulia habari zake kwa lugha yake, hasa ikikumbukwa kwamba kwa viziwi wengi Kiswidi cha maandishi ni lugha ya pili.

Nafasi hiyo ilitafutwa kwanza jukwaani. Tyst Teater ilianzishwa Stockholm mwaka 1970 na viziwi waliotaka kuigiza kwa lugha yao, katika kipindi ambacho shule bado ziliitazama lugha hiyo kwa mashaka, na mwaka 1977 kikundi kikaingizwa katika Riksteatern kama kikundi cha kudumu cha waigizaji wa kulipwa. Mwaka huu wa pili ndio wa kutiliwa mkazo. Kikundi cha kujitolea hufa waanzilishi wake wanapochoka, lakini mwigizaji mwenye mshahara, mazoezi ya mchana na ratiba ya safari hupata muda wa kuichunguza lugha yake kama mhunzi anavyokichunguza chuma. Ufundi wa kuigiza kwa alama hauji wenyewe kwa kuwa mtu ni kiziwi: panahitajika kujua namna ya kuzikuza alama ili zionekane hadi safu ya mwisho bila kuziharibu, namna ya kuipanga taa isizalishe kivuli juu ya mikono, namna ya kuwapanga waigizaji ili yeyote asimpe mwenzake mgongo wakati wa mazungumzo, na namna ya kuyatafsiri maneno ya mwandishi wa kale ili yawe alama zenye mahadhi. Waliosema kwamba viziwi wenye uwezo wa kuigiza hawapatikani, kauli ambayo watayarishaji wa filamu wa nchi nyingi wanaendelea kuitoa, hawajapata kueleza ni wapi walitarajia viziwi hao wajifunzie kazi.

Wakati jukwaa likifanya kazi hiyo, chuo kikuu kilifanya nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Stockholm, mwanaisimu Brita Bergman aliichambua lugha ya alama ya Sweden tangu miaka ya 1970, kwa kufuata njia iliyofunguliwa na William Stokoe nchini Marekani mwaka 1960, akaonyesha kwamba ina muundo kamili wa kisarufi, na mwaka 1990 akawa profesa wa kwanza wa lugha hiyo nchini mwake. Mwaka 1994 Lars Wallin akawa kiziwi wa kwanza nchini Sweden kupata shahada ya uzamivu. Katikati ya matukio hayo, tarehe 14 Mei 1981, Bunge la Sweden lilipitisha tamko kwamba viziwi wanahitaji kuwa na lugha mbili, ya alama na Kiswidi, ili waishi kikamilifu katika jamii, nalo linahesabiwa kuwa tamko la kwanza la namna yake duniani. Mtaala wa shule za viziwi wa mwaka 1983 ukafuata msingi huo, na Sheria ya Lugha ya mwaka 2009 ikaweka wajibu wa kuilinda na kuiendeleza lugha ya alama ya Sweden. Mpangilio wa miaka hii unapaswa kutazamwa kwa makini: jukwaa lilitangulia Bunge kwa miaka 11. Wabunge walipoketi kuamua iwapo alama ni lugha, tayari waigizaji walikuwa wamezunguka nchini wakiigiza kwa lugha hiyo mbele ya raia wa kawaida.

Katika karne hii uongozi wa sanaa wa Tyst Teater ulishikwa kwa miaka kadhaa na Josette Bushell-Mingo, mwigizaji mweusi mzaliwa wa London, ambaye mwaka 1999 alicheza nafasi ya Rafiki katika The Lion King ilipofunguliwa London, nafasi yenye jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Yeye anasikia, na kuongoza kwake kikundi cha viziwi kunaweza kuulizwa kwa haki. Lakini kulileta Hallunda, katikati ya vitongoji vya wahamiaji, swali pana zaidi kuhusu ni nani katika Sweden huruhusiwa kusimama jukwaani kama Mswidi. Swali hilo linaihusu Skärholmen moja kwa moja. Mtoto kiziwi wa wazazi wanaozungumza Kiswahili katika kitongoji hicho huishi kati ya lugha tatu: ya alama anayojifunza shuleni pamoja na viziwi wenzake, Kiswidi anachokutana nacho kwenye maandishi, na Kiswahili kinachopita mezani pake bila kumfikia. Taifa la Sweden huwapa wazazi wa watoto kama hao mafunzo ya lugha ya alama yanayofikia saa 240, na utaratibu huo ni wa kuigwa. Ila saa hizo humhitaji mzazi ambaye pengine bado anajifunza Kiswidi chenyewe na anafanya kazi za zamu. Kwa mtoto wa namna hiyo kipindi cha runinga katika lugha ya alama ni zaidi ya burudani, kwa kuwa huenda ndicho kitu pekee nyumbani kinachomwelekea na kuzungumza naye bila kipingamizi.

Vipindi hivyo vipo. Masharti ya utangazaji wa umma nchini Sweden huyataka mashirika ya runinga kutayarisha vipindi katika lugha ya alama, na kutokana nayo shirika la SVT limekuwa na taarifa ya habari iitwayo Nyhetstecken, inayosomwa kwa alama moja kwa moja na si kutafsiriwa pembeni, huku shirika la elimu la UR likitayarisha kipindi cha watoto kiitwacho Teckenlådan. Tofauti kati ya vipindi hivyo na kisanduku cha mkalimani kilichobanwa kwenye kona ya skrini ni kubwa. Katika lugha ya alama nyusi zikiinuliwa sentensi inaweza kuwa swali, macho yakielekezwa upande fulani yanaweza kumtaja mtu aliyekwisha kutajwa, na mashavu yakijazwa hewa yanaweza kubadilisha ukubwa wa kitu kinachosimuliwa. Kwa hiyo mpigapicha anayeukata mkono kwenye fremu, au anayeusogelea uso hadi vidole vipotee, amemkata mzungumzaji kauli katikati ya sentensi. Hali ni hiyohiyo kwa mhariri anayezoea kuonyesha uso wa msikilizaji wakati msemaji anaendelea kusema: katika filamu ya sauti maneno hayapotei, katika filamu ya alama yanapotea yote. Uwakilishi halisi unahitaji kiziwi karibu na kamera na kwenye chumba cha uhariri kwa sababu hizi za kikazi, kabla hata ya sababu za haki.

Tukio la mwaka 2015 lilidhihirisha jinsi macho ya umma yanavyoweza kuvutwa pasipostahili. Katika Melodifestivalen, shindano la nyimbo la Sweden linalotazamwa na mamilioni, mkalimani Tommy Krångh aliutafsiri wimbo kwa uchangamfu kiasi kwamba video yake ilizunguka dunia nzima kwa siku chache. Krångh ni mtoto wa wazazi viziwi, lugha hiyo ni yake tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa bora. Lakini dunia ilimshangilia mtu anayesikia kwa kutumia lugha ya viziwi, wakati viziwi wanaoigiza kwa lugha hiyo usiku baada ya usiku hawajulikani hata kwa majirani zao.

Mkanganyiko huo ni wa zamani katika filamu za dunia. Jane Wyman, aliyesikia, alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza msichana kiziwi katika Johnny Belinda ya mwaka 1948. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1987 ndipo Marlee Matlin awe kiziwi wa kwanza kuipata, kwa filamu Children of a Lesser God. Filamu ya Kifaransa La Famille Bélier ya mwaka 2014 iliwatumia waigizaji wanaosikia kuwa wazazi viziwi na ikapingwa na viziwi, lakini iliporudiwa Marekani kwa jina la CODA, kifupi chenye maana ya mtoto wa wazazi viziwi, nafasi hizo zilipewa viziwi, na mwaka 2022 Troy Kotsur akawa mwanamume kiziwi wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Hadithi ni ileile, nafasi ni zilezile. Kilichobadilika ni nani aliyeitwa.

Stockholm na Afrika zimeunganishwa katika jambo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya wamisionari, ambao katika miaka ya 1950 walifungua shule ya viziwi Keren, Eritrea, na kupeleka alama za Sweden na Finland, hata viziwi wa Eritrea wakaja baadaye kuanza kuziondoa alama hizo za kigeni na kurejesha za kwao. Njia ya pili ni ya chama kwa chama: Chama cha Taifa cha Viziwi cha Sweden, kilichoanzishwa mwaka 1922, kilikisaidia chama cha viziwi wa Kenya kujijenga, na kutokana na juhudi za kipindi hicho Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mwaka 1991 mradi wa utafiti wa lugha ya alama ya Kenya. Njia hii ya pili ndiyo bora, kwa sababu hapo hazikupelekwa alama, bali ulipelekwa uzoefu wa namna viziwi wanavyojipanga.

Katika sheria, Afrika Mashariki imefika mbali. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliitaja lugha ya alama kwa viziwi, na tangu mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akawa mbunge. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, daraja ambalo Bunge la Stockholm halijaipa lugha ya viziwi wake. Tanzania ilikuwa na shule ya viziwi Tabora tangu mwaka 1963, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimeipigania lugha hiyo tangu miaka ya 1980. Kilichokosekana ni kile ambacho Stockholm ilianza nacho: kikundi cha waigizaji viziwi kinacholipwa na taifa. Kwa hiyo mpangilio wa huku umekuwa kinyume cha ule wa Sweden, sheria ikitangulia na jukwaa likingojewa, na mtazamaji kiziwi wa Mwanza au Mombasa akiiona lugha yake zaidi katika kisanduku cha mkalimani wa taarifa ya habari kuliko katika tamthilia yoyote.

Mashirika ya utangazaji ya umma ya Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala yana studio, yana mafundi, na yana vyama vya viziwi katika miji hiyohiyo. Yaajiri waandishi, waongozaji na waigizaji viziwi kwa mshahara wa kila mwezi, kama Riksteatern ilivyofanya mwaka 1977, na kisanduku cha kona kisihesabiwe tena kuwa kimetosha.